Kasoro ya Gari la Bluu

Jumamosi ya tano ya kutafuta gari ilimkuta ameshavaa viatu tangu saa moja asubuhi, na fundi alikuwa amesema atampitia saa tatu.

Alikaa kwenye ukingo wa kochi, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na ndani yake alikuwamo yeye tu. Kwa miaka tisa alikuwa amemuuguza mama yake humo, akimgeuza kitandani, akimlisha, akimsomea barua za zamani. Mwaka jana mama alifariki, na mpaka leo mkono wa bintiye ulikuwa haujapata habari: kila asubuhi ulijaza birika maji ya watu wawili. Chai iliyobaki aliimwaga akiwa amegeuza uso pembeni.

Alikuwa mpima macho, umri wake miaka thelathini na tisa. Miezi mitatu nyuma alihamishiwa hospitali ya mji mwingine, kilomita themanini kutoka kwake. Kaka yake mkubwa, mwenye malori ya mizigo, aliliona jambo hilo kuwa jepesi kabisa.

"Hamia huko huko, mdogo wangu. Hiyo nyumba pangisha."

"Sihami, Kaka."

"Unamlindia nani?"

Alijua tu kwamba kuwa mpweke mahali unapojua kila mlango unavyolia ni afadhali kuliko kwenda kuuanza upweke upya ugenini. Basi akawa anapanda basi alfajiri na kurudi jioni miguu imevimba, hadi siku moja alipompigia kaka yake kumwambia kwamba amechoka, atanunua gari.

"Hilo sawa," kaka akasema. "Chukua otomatiki. Unakaa, unakanyaga, linakwenda. Kama sofa."

"Nataka la gia. Dogo, la chini, linalokata kona vizuri."

"Umekuwa kijana wa mashindano?"

"Kaka, ni kilomita mia na sitini kila siku, na niko peke yangu. Gari lisiponipa kazi ya kufanya, nitaanza kufikiri."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Hakujua kwamba dada yake hakuwa anatania.

"Haya. Lakini usinunue kitu mpaka fundi wangu alione."

Hivyo ndivyo alivyoingia fundi huyo, Taratibu. Jina hilo alipewa na madereva, kwa kuwa ndilo neno lake kwa kila kitu: nati iliyoshika kutu, dereva mwenye haraka, hata mtu aliyefiwa. Alikuwa na miaka arobaini na sita na gereji nyuma ya kituo cha mafuta, pale barabara inapotoka mjini. Mke wake alikuwa ameondoka miaka saba iliyopita, bila ugomvi, kama abiria anayeshuka kwenye kituo chake. Malori yote ya kaka yalitengenezwa na yeye.

Jumamosi ya kwanza walikwenda kuona gari jeupe. Gia ya tatu ilikuwa inachomoka yenyewe. Jumamosi ya pili fundi aliinua zulia la buti, akapitisha kidole kwenye chuma, akasema, "Hapa palichomelewa. Hili liligongwa, likafichwa." Wakaondoka.

Jumamosi ya tatu gari halikuwa na kasoro yoyote. Fundi aliinuka kutoka chini ya injini akitabasamu, na tabasamu lile likamtia mpima macho hofu ambayo hakuielewa. Akasikia mdomo wake ukisema kiti kinamuumiza mgongo. Jumamosi ya nne, gari lingine zima. Safari hiyo alisema rangi yake inamchosha macho, na mpima macho akisema rangi inamchosha macho, nani atabisha?

Fundi alifuta mikono tu. "Basi tutatafuta lingine. Jumamosi?"

"Jumamosi."

Siku za katikati mpima macho alikuwa anaweka akiba ya maneno. Akiona kichekesho ndani ya basi, alijiambia hiki nitamsimulia. Akisimulia, fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja, na swali lenyewe lilionyesha kwamba alikuwa amesikiliza kweli. Alikuwa amesahau kwamba wako watu wa namna hiyo.

Saa tatu kasoro dakika kumi, pikapu ya fundi ilisimama nje. Mpima macho alitoka haraka, akajikumbuka, akapunguza mwendo.

"Umeamkaje, Daktari?"

"Salama, Fundi. Leo tunakwenda wapi?"

"Kwa mama mmoja mpima ardhi, amestaafu. Anahamia kwa binti yake. Gari lake ana miaka kumi na moja nalo." Alisita. "Nadhani leo tutamaliza."

Mpima macho alipanda, akatazama nje ya dirisha. "Tutaona," alisema.

Njiani fundi hakusema zaidi. Ni mtu wa maneno machache, lakini ukimya wa leo ulikuwa na kitu ndani yake. Mara mbili alifungua mdomo, na mara mbili akaishia kubadilisha gia.

Mama mpima ardhi aliwapokea getini akiwa na daftari mkononi. Humo alikuwa ameandika tarehe ya kila oili iliyomwagwa na kila tairi lililobadilishwa. Gari lilikuwa chini ya kivuli cha ukuta, la bluu iliyokoza, buti fupi, bodi imekaa karibu na ardhi kama paka anayevizia.

"Liendeshe kwanza, mwanangu," mama alisema. "Maneno baadaye."

Walilipeleka kwenye barabara ya kupanda kilimani, yenye kona saba. Kona ya kwanza aliikata kwa woga. Gia ya pili ikagoma kidogo.

"Usiivute," fundi alisema. "Isukume hadi pale ilipo, itaingia yenyewe. Ndiyo. Sasa iache injini ipande kidogo... bado... bado... haya."

Alikanyaga klachi, akapeleka gia ya tatu, ikaingia kwa mlio mdogo wa kuridhisha kama kitasa kizuri. Gari likajirusha mbele. Kona ya pili ikaja, akashusha gia bila kuambiwa, usukani ukamjibu mikononi, na kabla hajajua kinachotokea alikuwa anacheka. Alicheka kwa sauti, meno yote nje, peke yake kwanza, kisha akasikia na fundi anacheka. Kona ya nne. Ya tano. Mikono, miguu na masikio vyote vilikuwa na kazi, na kichwani hakukuwa na kitu kingine.

Juu kabisa alisimamisha gari pembeni, akageuka. Fundi hakuwa anaangalia barabara wala dashibodi. Alikuwa anamwangalia yeye, na alichelewa kuyaondoa macho.

Wote wawili wakatazama mbele.

"Linapanda vizuri," fundi alisema.

"Linapanda."

Waliligeuza gari, wakarudi. Fundi alitandika mkeka wake, akaingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu, miguu yake tu ikionekana, na miguu yenyewe haikutikisika, kama mtu aliyelala akitafakari. Alipotoka, alisimama akifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka.

"Halifai."

Mama mpima ardhi alishusha daftari. "Unasemaje?"

"Chesisi ina ufa. Kwa nyuma."

"Gari langu? Ufa?"

Moyo wa mpima macho uliruka kwa furaha, maana bado kuna Jumamosi moja, na papo hapo akaionea haya furaha hiyo. Alifungua mkoba, akatoa tochi yake ndogo ya kazini, ile ya unene wa kalamu, akapiga magoti juu ya mkeka na kuingiza kichwa. Miaka kumi na tano kazi yake ilikuwa kutafuta kasoro ndogo kuliko punje ya chumvi ndani ya jicho la mtu. Alimulika chuma chote cha nyuma, kipande kwa kipande. Kulikuwa na vumbi. Kulikuwa na mstari wa tope lililokauka. Aliukwangua kwa ukucha, ukadondoka.

Alitoka, akasimama mbele ya fundi.

"Nionyeshe huo ufa."

"Uko pale."

"Pale wapi?"

Fundi alimtazama mara moja, kisha akaangalia chini.

"Ni tope," alisema polepole. "Samahani, mama. Gari lako halina kasoro."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameishi vya kutosha kujua wakati wa kwenda kuangalia jiko. "Naingia ndani," alisema. "Mkimaliza mtaniita."

Walibaki kando ya ukuta. Jua lilikuwa limeanza kuchoma.

"Kwa nini, Fundi?"

"Kwa sababu ukilinunua hili, Jumamosi ijayo sina pa kukupeleka."

Alisema hivyo kwa sauti ileile anayotumia kusema klachi imelika. Kama angenyamaza hapo, kama angeacha maneno hayo yakae peke yake hewani dakika moja tu, mengi yangekuwa tofauti. Lakini fundi alikuwa mkweli, na mtu mkweli akianza hajui pa kuishia.

"Na kaka yako alinipigia Alhamisi."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kwa nini gari halipatikani. Akasema kuna mtu kule unakofanyia kazi, mhasibu, mtu wa maana, familia imeshaongea. Akaniomba nimalize hili la gari, nisije nikaleta mambo mengine. Nikamwahidi kwamba leo ni mwisho."

"Ulimwahidi."

"Nilimwahidi. Halafu nikaona siwezi. Ndiyo maana nikadanganya."

Kitu kilichokuwa kimeanza kumpasha mpima macho joto kifuani kiligeuka barafu.

"Kwa hiyo mmekaa wanaume wawili kwenye simu mkanijadili kama gari," alisema. "Umri wake kiasi gani, ametembea kiasi gani, bado anafaa, apelekwe kwa nani. Na wewe ukajibu. Hukusema hata kidogo, ngoja nimuulize mwenyewe?"

"Daktari, yule ni kaka yako. Ananipa kazi. Mimi nina mikono michafu na gereji ya kupanga, ningemwambia nini?"

"Mimi ndiye ungeniambia! Jumamosi tano, Fundi. Nilikuwa kiti cha pili, hatua moja kutoka kwako. Ungeniambia mimi."

Fundi alianza kuukunja mkeka.

"Unafikiri kile kiti cha Jumamosi ya tatu kilikuwa kinaniumiza mgongo?"

Aliona neno hilo likimwingia. Aliona uso wa fundi ukibadilika, ukifunguka taratibu kama mtu anayevaa miwani kwa mara ya kwanza. Lakini yeye alikuwa ameshageuka, machozi yanamjaa, akiita, "Mama! Mama, nalichukua."

Waliandikishana mezani kwa mama mpima ardhi. Aliondoka akiendesha mwenyewe. Katika kioo alimwona fundi amesimama kando ya pikapu yake, mkeka umekunjwa kwapani.

*

Gari lilikuwa zuri. Hilo lazima lisemwe. Kila alfajiri lilimtoa mjini kwa gia ya tatu, likamvusha daraja kwa ya nne, na pale barabara inaponyooka katikati ya mashamba, gia ya tano ilimfanya ajisikie mtu mwenye mahali pa kwenda. Wiki ya kwanza aliishi kwa hilo. Alijifunza kona zote, ipi inadanganya na ipi inasamehe.

Kosa lake lilikuwa kudhani mikono itabaki na kazi siku zote. Kufikia wiki ya pili mikono ilikuwa imeshajua, na miguu pia. Gia zikawa zinaingia zenyewe, na akili ikabaki huru na barabara nzima ya kufikiria.

Mchana aliketi kwenye chumba chenye giza akiwauliza watu, "Ya kwanza au ya pili? Ipi unaona vizuri zaidi?" Walimjibu, wakamshukuru, wakaondoka. Kisha safari ya kurudi. Jioni moja, akiingiza gari nyumbani, alijisikia akisema "Tumefika," na akagundua kwamba hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu atoke hospitali. Alizima injini, akabaki ameshika usukani. Hakulia. Alikaa tu mpaka injini ikapoa na kuacha kutoa ile milio midogo ya chuma kinachopumzika.

Alfajiri alipopita kituo cha mafuta, gereji ilikuwa ndiyo inafunguliwa. Wakati mwingine alimwona fundi akisukuma mlango wa bati. Mara ya kwanza fundi aliinua mkono. Yeye hakuinua. Baada ya hapo fundi akawa anasimama tu, mikono mifukoni, mpaka gari la bluu lipite.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, kaka alipiga simu.

"Yule mhasibu anataka kuja Jumapili kukusalimia. Pika kitu."

"Asije, Kaka."

"Hujamwona hata sura!"

"Asije. Mwambie nimeshukuru."

Kaka alivuta pumzi. "Ni yule fundi, sivyo? Nilijua. Tangu aje hapa na upuuzi wake."

Mpima macho aliweka kikombe chini. "Alikuja lini?"

"Jumamosi ileile uliyonunua gari, mchana. Amesimama mlangoni kwangu, ananiambia ile ahadi yake anaifuta, haikuwa yake kuitoa. Nikamwambia sawa, na malori yangu niyaondoe kwenye gereji yako. Akasema sawa. Fundi wa gereji, mdogo wangu! Mama angesemaje?"

Mpima macho alikuwa akiogopa swali hilo tangu zamani, na sasa lilipofika alishangaa kulikuta halina meno.

"Mama nilikuwa naye miaka tisa, Kaka. Unajua alichokuwa anasema? Alikuwa anauliza, nikiondoka, huyu atazungumza na nani? Hakuwahi kuuliza huyo mtu ana kazi gani."

"Hukuwahi kuniambia hilo," kaka alisema mwishowe.

"Hukuwahi kukaa ukaniuliza."

"Mimi nakutakia mema."

"Najua. Ndiyo maana sijakukatia simu."

Ila kaka ndiye aliyekata. Hakusema kwaheri, na mpima macho alijua kwamba siku nyingi zingepita kabla hajasikia tena sauti ile ikimwita mdogo wangu. Hilo lilimuuma, na liliendelea kumuuma usiku kucha.

Asubuhi, saa nne kasoro, aliingiza gari gereji. Uwanja ulikuwa mtupu. Palipokuwa panajaa malori matatu manne, sasa palikuwa na pikapu ya fundi na gari moja dogo lililoinuliwa kwa jeki. Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi akisafisha spana kwa kitambaa. Alimwona, akasimama.

"Daktari."

"Fundi."

Macho ya fundi yalikwenda kwenye gari la bluu. "Lina nini?"

"Halina kitu."

"Klachi inateleza?"

"Klachi nzima."

"Breki?"

"Nzima."

Fundi alizunguka mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa. "Injini inasikika vizuri," alisema. "Sasa tatizo ni nini?"

"Hakuna tatizo. Nimekuja tu."

Fundi aliondoa mkono kwenye boneti. Alionekana hajui pa kuuweka.

"Kaka ameniambia ulikwenda kwake," mpima macho alisema. "Wiki tatu, Fundi. Nilikuwa napita hapa kila siku. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeona nimekuja kudai shukrani. Na ulinikasirikia kwa haki." Alikunja kitambaa, akakikunjua. "Nilisema, akija, aje kwa sababu anataka kuja. Isiwe kwa sababu nimepoteza malori."

"Na kama nisingekuja?"

"Ningekuwa nafungua mlango mapema, nakuona unapita." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Unabadilisha gia vizuri pale kwenye tuta. Nilitaka kukwambia."

Mpima macho alitazama pembeni, kwenye uwanja mtupu, kwenye madoa ya oili yaliyobaki pale malori yalipokuwa yakisimama.

"Bado nimekasirika kidogo," alisema.

"Ni sawa."

"Na ukiwa na la kusema kuhusu mimi, unaniambia mimi. Kwanza mimi."

"Kwanza wewe. Basi nakwambia. Nimekukosa, Daktari. Nilikuwa sijui nyumba yangu ina ukimya kiasi kile mpaka ulipoacha kunisimulia habari za basi."

Mpima macho alikwenda kwenye benchi. Lilikuwa limejaa spana, zimepangwa kwa ukubwa, na fundi akaja akaanza kuziondoa moja moja, akiziweka chini, mpaka ikapatikana nafasi ya mtu wa pili. Aliifuta kwa upande safi wa kitambaa.

Mpima macho alikaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, hakuna mtu aliyekuwa anamsubiri popote, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana jambo hilo halikumuuma.